Konsuli Aliyegoma Kutia Saini: Kisa cha C. T. Studd, Mcheza Kriketi Aliyefia Ibambi

Wengi wanaosimulia habari za Charles Thomas Studd huishia pale alipogawa urithi wake. Kijana tajiri, nyota wa kriketi wa Uingereza, anagawa pauni zote na kwenda kuhubiri China akiwa hana kitu. Mahubiri mengi yamejengwa juu ya tukio hilo, na mengi ni mazuri. Lakini alipogawa mali alikuwa na miaka 26, naye aliishi mpaka 70. Kwa mtu anayeongoza huduma, au anayeketi kwenye kamati ya huduma iliyoanzishwa na mwingine, mafunzo makubwa yako kwenye miaka iliyofuata, hasa ile ya mwisho huko Ibambi, kaskazini-mashariki ya Kongo. Alifia huko tarehe 16 Julai 1931, akiwa amekosana na kamati yake mwenyewe.

Studd na jamaa zake wa karibu ni watu wa historia, kwa hiyo nimewataja kwa majina. Vijana wamisionari walioondolewa kazini, wajumbe wa kamati na waumini wa Kikongo waliokaripiwa hadharani sikuwataja. Kisa chenyewe kinamhusu kiongozi.

Usuli

Baba yake, Edward Studd, alitajirika kwa mashamba ya nili huko Tirhut, kaskazini mwa India, akarudi Uingereza kula matunda ya mali hiyo. Alifuga farasi wa mashindano, na mmoja wao alishinda Grand National ya 1866. Mwaka 1875 alialikwa London kumsikiliza mhubiri Mmarekani, Dwight L. Moody, na maisha yake yakabadilika. Aliuza farasi, akageuza ukumbi wa jumba lake la Tedworth kuwa mahali pa ibada, akawa anawahangaikia majirani na watumishi wake kuhusu roho zao. Aliishi kama miaka miwili tu baada ya hapo. Wanawe walikuwa Eton, shule ya matajiri, na mwanzoni waliona haya kidogo kwa bidii hiyo mpya ya mzee.

Charles alizaliwa tarehe 2 Desemba 1860. Yeye na kaka zake wawili, Kynaston na George, walikuwa pamoja katika timu ya kriketi ya Eton, kisha wakapokezana unahodha wa Chuo Kikuu cha Cambridge kwa miaka mitatu mfululizo, 1882 hadi 1884. Charles ndiye aliyekuwa bora kuliko wote. Msimu wa 1882, akiwa bado mwanafunzi, alipata mikimbio (pointi za mpigaji) zaidi ya 100 dhidi ya Waaustralia mara mbili, akichezea Cambridge na kisha klabu ya MCC. Mwaka huo na uliofuata alivuka mikimbio 1,000 na wiketi 100 (yaani wapigaji aliowatoa) katika msimu mmoja, jambo ambalo kabla yake lilikuwa limefanywa na gwiji wa kriketi W. G. Grace.

Studd alikuwa mchezaji wa “ridhaa”, na neno hilo lazima lieleweke vizuri hapa, kwa sababu litarudi. Katika kriketi ya Uingereza ya wakati ule, mchezaji wa ridhaa aliitwa muungwana. Hakulipwa, na hilo ndilo lililomtofautisha na mchezaji wa kulipwa, ambaye mara nyingi alikuwa mtoto wa fundi au mkulima. Viwanja vingi vilikuwa na vyumba tofauti vya kubadilishia nguo na hata milango tofauti ya kuingilia uwanjani. Muungwana alicheza kwa heshima na kwa kupenda. Aliweza kufanya hivyo kwa sababu kulikuwa na mashamba mahali fulani, na kwa familia ya Studd mashamba hayo yalikuwa Tirhut. Kijana aliyekulia humo hujifunza kujitoa kwa nguvu zote bila kuuliza mshahara. Ni rahisi pia akadhani kwamba kila mtu anaweza kufanya hivyo.

Kutoka Oval hadi China

Tarehe 29 Agosti 1882, katika uwanja wa Oval, London, Uingereza ilihitaji mikimbio 85 tu kuishinda Australia. Mwaustralia Fred Spofforth alirusha mipira ambayo Waingereza hawakuweza kuijibu, wakatolewa wote kwa 77. Studd alipelekwa karibu na mwisho, mpigaji wa kumi kati ya kumi na mmoja. Alisimama upande wa pili wa uwanja akiwaangalia wenzake wakianguka, na mchezo ukaisha bila yeye kupigiwa hata mpira mmoja. Gazeti moja likaandika tanzia ya kriketi ya Uingereza, likasema majivu yake yatapelekwa Australia. Majira yaliyofuata Studd alikwenda Australia na timu ya Ivo Bligh “kuyarudisha majivu”. Katika mashairi yaliyobandikwa kwenye kile chombo kidogo maarufu cha majivu hayo, jina la akina Studd limo hadi leo.

Mwishoni mwa 1883 George aliugua karibu na kufa. Charles alikaa kando ya kitanda chake usiku kwa usiku, akajiuliza umaarufu wote huu una faida gani kwa mtu anayelala hivi. George alipona. Charles akaanza kuwapeleka wachezaji wenzake kumsikiliza Moody, na kabla ya mwaka 1884 kwisha alikuwa ameamua kwenda China na misheni ya Hudson Taylor. Yeye na wenzake sita, walioitwa Saba wa Cambridge, waliondoka London tarehe 5 Februari 1885. Magazeti yalisisimka, maana vijana hawa walikuwa wameacha kile ambacho wengine wote walikuwa wanakitafuta.

Urithi

Kwa mujibu wa wosia wa baba yake, Charles alipaswa kupokea fungu lake atakapotimiza miaka 25. Wakati huo alikuwa Chongqing, China. Alikwisha kuamua kugawa yote, lakini ili mawakili wa Uingereza waweze kutenda kwa niaba yake ilibidi hati isainiwe mbele ya ofisa wa serikali, na pale alikuwapo konsuli wa Uingereza.

Konsuli alipoelewa kijana anataka kufanya nini, aligoma kutia saini. Alimwambia aende akafikiri wiki mbili, na akirudi na nia ileile, atasaini. Studd aliondoka, akarudi baada ya wiki mbili, nia haikubadilika, saini ikawekwa. Wasimulizi huona hapa uthabiti wa Studd. Mimi humwona pia konsuli, mtu wa serikali ambaye huenda hakuelewa chochote kuhusu wito, lakini alijua kwamba uamuzi mzito hauharibiki kwa kusubiri siku 14. Mkumbukeni, kwa sababu hatokei tena katika maisha haya.

Tarehe 13 Januari 1887 Studd alituma hundi. Fungu lake lilikadiriwa pauni 29,000. Pauni 5,000 zilikwenda kwa Moody, 5,000 kwa George Müller wa Bristol kwa misheni na mayatima, 5,000 kwa mtu aliyewatumikia maskini wa Whitechapel, London, na 5,000 kwa Jeshi la Wokovu huko India. Hundi nyingine tano za pauni 1,000 kila moja zilikwenda kwa kazi nyingine. Alitamani Moody aanzishe kazi Tirhut, pale nili ilipolimwa. Moody hakuweza, akaelekeza fedha kwenye shule ya Biblia ya Chicago. Nadhani tamaa hiyo haitajwi vya kutosha. Kijana alijua mali ilitoka kwenye ardhi ya nani, na alitaka angalau sehemu yake irudi.

Hesabu kamili ilipokuja aliongeza maelfu kadhaa, zikabaki pauni 3,400. Mwaka 1888 alimwoa Priscilla Stewart, mmisionari kutoka Ireland ya Kaskazini, na kabla ya ndoa akampa fedha hizo. Priscilla alimuuliza Bwana alimwambia nini yule kijana tajiri. Auze vyote. Basi, akasema, tutaanza ndoa yetu tukiwa hatuna deni wala akiba, na fedha zikaenda kwa Jeshi la Wokovu.

Miaka ya kati

Hapa nitapita haraka. Waliishi Shanxi, wakahudumia watu waliofungwa na kasumba, wakazaa mabinti wanne, wakarudi Uingereza 1894 afya zikiwa zimevunjika. Studd alizunguka vyuo vya Marekani, kisha kuanzia 1900 hadi 1906 alikuwa mchungaji wa kanisa huru huko Ootacamund, kusini mwa India. Hakuwa kasisi wa Kianglikana. Uchungaji wake ulitambuliwa na washarika.

Kongo

Mwaka 1908, mjini Liverpool, aliona tangazo lililosema kwa maneno makali kwamba walaji watu wanahitaji wamisionari. Aliingia kusikiliza, akatoka na nia ya kwenda Afrika. Alikuwa karibu na miaka 50, na pumu na malaria ya India. Wafanyabiashara waliounda kamati ya kumgharamia waliweka sharti kwamba daktari akubali. Daktari alikataa katakata, na kamati ikajitoa.

Hapa ndipo kisa kinapogeuka. Konsuli wa Chongqing alimwambia asubiri, akasubiri. Kamati ya 1910 ilimwambia asiende, akaenda bila kamati, Desemba mwaka huohuo, hadi kusini mwa Sudan. Alirudi mzima, na akiwa na habari kwamba ng'ambo ya mpaka, Kongo ya Wabelgiji, kulikuwa na maeneo makubwa yasiyo na mhubiri hata mmoja. Kwa macho yake mwenyewe Mungu alikuwa amethibitisha kwamba daktari na kamati walikosea. Tangu hapo kila aliyemwambia “hapana” alipimwa kwa kipimo hicho.

Mwaka 1913 aliondoka tena, pamoja na kijana wa miaka ishirini na kitu, Alfred Buxton, aliyekuwa mchumba wa binti yake Edith. Walishuka Mombasa, wakapita Nairobi na Uganda, wakavuka Ziwa Albert, wakafika Niangara mwezi Oktoba. Studd alirudi Uingereza mwishoni mwa 1914 kutafuta watu, akaondoka tena 1916. Hakuiona nchi yake tena. Priscilla, aliyekuwa akiumwa moyo, alibaki London akiendesha ofisi ya misheni: barua, fedha, mikutano, kuwatafuta vijana na kuwaandaa.

Baadaye makao yalihamia Ibambi. Wenyeji walimwita Bwana Mukubwa. Msomaji wa Dar au Mombasa atasikia mara moja Kiswahili cha Kongo katika jina hilo, Kingwana, lugha iliyofika huko na wafanyabiashara wa pwani na watu wao kabla ya Wabelgiji. Studd alijifunza Kingwana cha watu wenyewe, akatafsiri Agano Jipya lote na baada yake Zaburi. Alikuwa mzee mwenye homa za kila mara, akiamka usiku wa manane na kufanya kazi saa 18 kwa siku. Maelfu walikuja kwenye mikutano na makanisa yakaenea.

Kwake mwenyewe hakukuwa na likizo, wala mshahara wa uhakika, wala nyumba nzuri kuliko ya miti na majani. Aliyekuja kumsaidia alitarajiwa aishi hivyohivyo. Kijana aliyeomba kupumzika au kuboresha makazi alionekana amelegea. Alianza pia kuwa na mashaka makubwa juu ya wongofu wa waumini wa Kikongo walioendelea kuanguka katika dhambi zilezile, akawakaripia vikali, hata wenzake wakaogopa kwamba anafunga mlango ambao Injili imefungua. Aliandika kijitabu kilichopewa jina la herufi tatu, DCD, kifupisho cha msemo mkali wa kihuni wa Kiingereza wenye maana ya kutojali kitu chochote isipokuwa kumfia Kristo. Marafiki wa misheni huko Uingereza walishtuka. Kisha ikajulikana kwamba, kwa maumivu na uchovu, alikuwa akitumia mofini aliyopewa na daktari ili aweze kuendelea na kazi.

Baadhi ya wamisionari waliondolewa, wengine wakaondoka wenyewe. Hata Alfred Buxton, aliyetembea naye tangu Mombasa na kumwoa Edith huko Niangara mwaka 1917, alitengana na Studd. Katika miezi ya mwisho kamati ya London ilichukua hatua ya kumwondoa mwanzilishi uongozini. Mkwe wake mwingine, Norman Grubb, akasimama upande wa mzee.

Matokeo

Studd alifariki Julai 1931. Walioachana naye walianzisha misheni nyingine mwaka huohuo. Grubb alichukua uongozi wa misheni ya awali, inayojulikana kama WEC (Worldwide Evangelization Crusade), akairudisha kwenye utaratibu wa maamuzi ya pamoja, ikaenea nchi nyingi. Huko Kongo kanisa lilibaki, likapita vita vya waasi wa Simba vya 1964, na leo ni jumuiya inayojulikana kama CECCA 16. Agano Jipya la Kingwana lilisomwa na watu ambao hawakuwahi kusikia habari za Oval.

Uchambuzi

Nianze na kilichofanya kazi, kwa sababu kinasahaulika haraka mtu akishasikia habari za mofini. Ugawaji wa urithi ulikuwa kazi safi. Hakutoa kwa mkupuo wa hisia kwa mtu mmoja aliyempendeza. Aliwapa watu waliokuwa na kazi inayoonekana na hesabu zinazojulikana, akatawanya hundi zikavuka bahari na madhehebu, na hakujiachia kiti katika kamati yoyote ya waliopewa. Ukitoa na ukabaki na usukani, hujatoa. Tena kwa zile 3,400 alimpa mkewe sauti kamili, na Priscilla akaamua. Kati ya viongozi ninaowafahamu ambao wamejitoa sana, wachache wamempa mwenzao nafasi hiyo.

Kazi ya lugha nayo nitaitetea mbele ya yeyote. Mzee mgonjwa aliyesoma Eton na Cambridge alikaa chini kuandika kwa Kingwana, lugha ambayo wasomi wengi wa pwani hata leo huitazama kwa dharau. Aliiona kuwa inafaa kubeba Neno la Mungu.

Tatizo, kwa maoni yangu, ni kwamba Studd alichukua uamuzi alioufanya juu ya nafsi yake akaugeuza kuwa sheria ya nyumba. Kutoa mali yako ni haki yako, na kuhatarisha afya yako kunaweza kuwa haki yako pia. Kumnyima mapumziko kijana wa miaka 24 aliyeacha mama yake Liverpool ni jambo la aina nyingine kabisa, hata kama wewe unalala kitanda kigumu kuliko chake. Wengi huona usawa wa mateso kama uadilifu wa kiongozi. Lakini wale vijana hawakuwa na Eton nyuma yao, wala miaka ya kushangiliwa viwanjani, wala ile amani ya mtu aliyekataa utajiri kwa hiari yake. Aliyepewa chaguo hubeba mzigo tofauti na aliyepewa amri. Hapa namwona tena mchezaji wa ridhaa, asiyeelewa kwa nini mwenzake anauliza habari za malipo.

Kosa la pili ni la muundo, na kamati haiwezi kukwepa sehemu yake. Misheni ilijengwa juu ya imani ya mtu mmoja kwamba amesikia sauti. Hakukuwa na mahali palipoandikwa nani anaweza kumwambia Bwana Mukubwa asubiri wiki mbili. London ilikuwa mbali, barua zilichukua wiki nyingi, na waliokuwa karibu naye walikuwa ama wakwe zake au vijana waliomwona kama nabii. Kamati ilivumilia kwa miaka, kisha ikatumia silaha moja tu iliyokuwa nayo, kumwondoa, na ikaitumia mzee akiwa anakufa. Kama kungekuwa na mapitio ya kawaida kila mwaka tangu 1916, daktari wa kumwangalia ambaye si yeye aliyemchagua, na mtu wa pili mwenye mamlaka ya kweli kule Ibambi, naamini habari ya mofini ingekuwa suala la tiba ya mgonjwa badala ya kashfa. Mofini ilitolewa na daktari. Iliyokosekana ni sauti ya kumwambia apumzike, na watu waliomzunguka hawakuwa na kibali cha kuitoa.

Halafu kuna suala la kipimo cha wongofu. Wenzake walikuwa na haki ya kuhofu. Kwa waumini wa kizazi cha kwanza, ambao juzi tu walikuwa hawajasikia jina la Yesu, alidai matunda ambayo Uingereza yenyewe ilikuwa haijayatoa kwa karne nyingi. Alikuwa na huruma kubwa kwa Mkongo mmoja mmoja. Alipowatazama kama umati, alikuwa hakimu.

Narudi kwa Priscilla, kwa sababu nafikiri yeye ndiye aliyekuwa breki ambayo haikuandikwa popote. Alimjua Charlie kabla hajawa Bwana Mukubwa, na ndiye aliyeweza kumjibu swali kwa swali juu ya zile pauni 3,400. Barua zake kutoka London ziliwaunganisha mzee na kamati, akawatuliza pande zote mbili. Kwa miaka 12, tangu 1916, waliishi mbali. Mwaka 1928 alisafiri hadi Ibambi, akakaa kama wiki mbili, akazungumza na waumini waliokuwa wakisikia tu kwamba Bwana ana mke. Kisha walisindikizana kwenye kijia mpaka kwenye gari bila kusemezana, akaingia, akaondoka akiangalia mbele. Alifariki Hispania Januari 1929. Ugomvi wa DCD na mofini ulifika kileleni baada ya hapo, katika miezi 30 iliyobaki.